Kufufua injini iliyochakaa: vipimo kwanza, vipuri baadaye

Mleta uzi

Ndugu wadau, injini inayokula oili, inayotoa moshi wa bluu na kuishiwa nguvu mlimani hupewa na mafundi wengi tiba ya aina moja: inafunguliwa, inawekewa ringi mpya, beringi mpya na seti ya gasketi, inafungwa, kisha mwenye gari anaambiwa asiikanyage sana kwa kilomita elfu moja za mwanzo. Baadhi ya injini hizo hudumu. Nyingine huanza kutoa moshi ule ule kabla hata oili ya kwanza haijamwagwa, na hapo lawama zote huangukia vipuri feki. Vipuri feki vipo, sikatai, lakini injini nyingi zinazorudi gereji zimerudishwa na jambo jingine: tangu siku ya kufunguliwa hadi siku ya kufungwa, hakuna mtu aliyepima chochote.

Injini huchakaa kwa nafasi kati ya chuma na chuma kuongezeka, na nafasi hizo ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda ya gari dogo huwa na takriban milimita 0.03 hadi 0.08. Kati ya beringi na shingo ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kuna kanuni ya zamani isemayo kwamba kila milimita 25 za kipenyo cha shingo zinahitaji nafasi ya milimita 0.025, yaani shingo ya milimita 50 inataka kama 0.05 hivi. Kufufua injini ni kuzirudisha nafasi hizi mahali pake. Kipuri kipya ni njia mojawapo ya kufanya hivyo, na wakati mwingine hakitoshi kabisa.

Nianze kabla ya kufungua, kwa sababu injini ikishatawanywa mezani ushahidi mwingi umepotea. Pima kompresheni ya kila silinda injini ikiwa na moto wake wa kazi. Silinda ikionyesha kipimo cha chini, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena: kipimo kikipanda sana, tatizo liko kwenye ringi na ukuta wa silinda, kisipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi. Kipimo kizuri zaidi ni cha kupuliza hewa ya kompresa ndani ya silinda huku pistoni yake ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha kusikiliza inakotokea. Hewa ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, inapita ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, kuna ufa au gasketi imeungua.

Moshi nao husomeka tofauti. Unaojitokeza kwa wingi asubuhi wakati wa kuwasha kisha ukapungua, au unaotoka dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, mara nyingi ni wa sili na gaidi za valvu (gaidi ni mirija ambamo shina la valvu hupita). Unaofuata gari wakati wote, na kuongezeka linapobeba mzigo, kwa kawaida ni wa ringi. Watu wamefunguliwa injini nzima kwa sababu ya sili za valvu ambazo zingebadilishwa bila bloku kuguswa.

Mchangiaji

Mkuu, uzi mzuri. Ila mimi nimekuwa nikibadili ringi peke yake kwa miaka mingi na magari yanaenda. Unataka kusema kila injini ipelekwe kwa fundi wa mashine? Mwenye gari atatoa wapi pesa hizo?

Mleta uzi

Hapana, ndugu fundi, sisemi hivyo. Nasema kwamba silinda ndiyo itakayokuambia kama ringi peke yake zinatosha, na silinda husema kwa namba.

Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 80. Haichakai sawasawa kutoka juu hadi chini. Sehemu inayochakaa zaidi ni ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, kwa sababu huko ndiko joto na msukumo wa moto ni mkali na oili ni chache. Upande ambao pistoni huegemea konrodi (mkono unaoiunganisha na krankishafti) inapoisukuma huchakaa zaidi kuliko upande wa pini. Juu kabisa, ambako ringi haifiki, hubaki ukingo mwembamba wa chuma kisichochakaa, ambao ukipitisha ukucha unaukwaruza. Matokeo yake ni tundu lililopanuka juu na kuwa na umbo la yai.

Sasa tuchukulie sehemu ya juu imepanuka kwa milimita 0.15 tu kuliko ya chini. Ringi mpya ukiiweka chini, ambako silinda bado ni standadi, na ukapima mdomo wake, yaani pengo kati ya ncha zake mbili, kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), utapata tuseme milimita 0.30, ambazo ni sahihi kabisa. Ipandishe ringi ile ile hadi juu, uinyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, kisha upime tena. Mdomo huongezeka kwa tofauti ya kipenyo mara 3.14, kwa hiyo utasoma karibu milimita 0.77. Moto wa injini unapita hapo. Halafu injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, ringi hiyo inapanda mara 50 na kushuka mara 50 kila sekunde, na katika kila safari inalazimika kutanuka na kubanwa tena. Haiwezi kutulia ukutani. Na kama ule ukingo wa juu haukuondolewa, ringi mpya yenye kona kali inaugonga, ambapo ile ya zamani ilikuwa imekwisha kujichonga kuufuata. Ringi inaweza kukatika, au ikavunja kuta za mfereji wake kwenye pistoni.

Ndiyo maana magari yako mengine yalienda vizuri: yalikuwa na silinda ambazo uchakavu wake ulikuwa bado ndani ya kikomo cha mtengenezaji. Kwa silinda kama hizo, kuhoni kidogo (kusugua ukuta wa silinda kwa jiwe maalumu) na kuweka ringi mpya ni kazi halali kabisa. Ninachopinga ni kulijua hilo baada ya injini kufungwa.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mtambo. Geji ya silinda yenye saa na maikromita vinatosha. Kila silinda hupimwa katika vimo vitatu, juu, katikati na chini, na katika kila kimo mara mbili, kufuata urefu wa bloku na kukingama nao. Injini ya silinda nne inakupa namba 24, na namba hizo ziandikwe kwenye karatasi. Pistoni nayo hupimwa kwenye sketi yake, kukingama na pini, katika kimo alichotaja mtengenezaji, maana pistoni haikutengenezwa kuwa mviringo kamili wala kuwa sawa juu na chini, na ukiipima popote utakapo utapata jibu lisilo na maana.

Uchakavu ukizidi kikomo, silinda inapanuliwa kufuata pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za asili), ambazo kwa injini nyingi huwa za milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Hapa kuna utaratibu ambao mafundi wenye haraka huugeuza: pistoni zinunuliwe kwanza, zipelekwe kwa fundi wa mashine, naye apime kila moja na kupanua silinda kuifuata hiyo hiyo. Akipanua kwanza kwa kubahatisha, halafu pistoni zikaja zikiwa zimetofautiana kidogo na maandishi ya boksi, hakuna mashine ya kurudisha chuma kilichokatwa. Kitakachobaki ni kupanua tena, au kutia slivu, yaani bomba la chuma linalovalishwa ndani ya silinda.

Mchangiaji

Naomba ufafanuzi kuhusu kuhoni. Kuna fundi aliniambia silinda ikishapanuliwa inatakiwa ing'ae kama kioo. Mwingine akasema ikwaruzwe. Yupi yuko sahihi?

Mleta uzi

Wa pili, ndugu yangu, ingawa neno kukwaruza halimtendei haki mwenye kazi hiyo. Silinda inayong'aa kama kioo haishiki oili, na ringi mpya haipati kitu cha kuisugua ili ikae. Jiwe la kuhoni huacha mistari myembamba inayokatana, mara nyingi kwa pembe ya karibu nyuzi 45, na mistari hiyo ndiyo inayobakiza oili ukutani. Mistari ikilala sana, ringi huruka-ruka juu yake. Ikisimama sana, oili hushuka haraka. Pembe hiyo hutokana na uwiano wa kasi ya jiwe kuzunguka na kasi yake ya kupanda na kushuka. Injini za kisasa zinataka hatua ya mwisho ya jiwe laini linalokata ncha za mistari hiyo, ili ringi ianze kazi juu ya uwanda tambarare wenye mifereji, badala ya juu ya vilima vyenye ncha.

Karakana makini hufunga bamba nene la chuma juu ya bloku na kulikaza kwa torki (kiasi cha nguvu ya kukaza) ile ile ya hedi kabla ya kuhoni. Sababu ni kwamba bolti za hedi zikikazwa huvuta chuma na kupindisha silinda kwa kiasi kidogo. Silinda iliyohoniwa ikiwa huru huwa mviringo mezani na kupoteza mviringo huo ikishafungwa.

Kisha inakuja kazi ambayo naiona muhimu kuliko zote na ambayo haina heshima yoyote gereji: kuosha. Jiwe la kuhoni huacha vumbi la mawe na chuma ndani ya ile mistari. Petroli na dizeli haviliondoi. Vinaosha mafuta na kuliacha vumbi limeketi. Kinachotakiwa ni maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, tena kwa kurudia. Baada ya kukausha, paka oili nyepesi mara moja, kwa sababu chuma tupu hushika kutu ndani ya dakika, kisha pitisha kitambaa cheupe kilicholowa oili hiyo. Kitambaa kikitoka na rangi ya kijivu, rudi kwenye sabuni. Kazi haijaisha hadi kitoke cheupe kama kilivyoingia. Vumbi likibaki humo, ringi mpya zitaanza maisha yake kwa kusagwa.

Njia za oili ndani ya bloku na krankishafti nazo zifunguliwe vizibo na kupigwa brashi ndefu, hasa kama injini ilinoki (beringi zilikufa ikaanza kugonga), kwa sababu vipande vya beringi ya zamani hujificha humo. Na tahadhari kwa wanaotumia tangi la magadi makali ya kuchemshia: dawa hiyo ni ya chuma cha kalibu, yaani bloku nyeusi nzito. Hedi ya aluminiamu ukiitumbukiza humo italiwa.

Mchangiaji

Bloku yangu ni aluminiamu na fundi anasema haipanuliki. Ni kweli au anataka kuniuzia bloku?

Mleta uzi

Inategemea ndani ya silinda kuna nini. Bloku nyingi za aluminiamu zina slivu za chuma zilizomiminiwa pamoja nayo, na nyingine kati ya hizo slivu zake ni nyembamba kiasi kwamba mtengenezaji hakutoa pistoni za ovasaizi kabisa. Nyingine hazina slivu. Ukuta wake umepakwa tabaka gumu. Nikasil, ambayo ni nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, ilibuniwa na kampuni ya Mahle mwaka 1967 kwa ajili ya injini za Wankel kabla ya kuenea kwenye silinda za pistoni. Siku hizi kuna pia kuta zinazopuliziwa chuma kilichoyeyushwa, tabaka lake likiwa sehemu ndogo tu ya milimita. Ukipitisha jiwe la kawaida kwenye ukuta wa namna hiyo unaondoa kile ambacho kilikuwa kinaulinda. Kwa bloku hizo kuna njia tatu: kupaka tabaka upya kwenye karakana maalumu, kutia slivu za chuma kama unene wa bloku unaruhusu, au kutafuta bloku nyingine. Kwa hiyo fundi wako anaweza kuwa mkweli. Mwombe akutajie aina ya ukuta. Akishindwa kuutaja, hajui kama unapanulika au haupanuliki.

Sasa krankishafti, maana wengi hudhani kazi yake ni kuipa msasa na kuinunulia beringi.

Kabla ya kutupa beringi za zamani zipange mezani kwa mfuatano wake, kila nusu ikiwa na mwenzake. Zitazame kwa utulivu. Zilizochakaa kwa umri huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, sawasawa. Zenye michirizi mirefu zimepitiwa na uchafu. Zilizong'aa na kuonekana kama zimepakwa upya, chuma chake kikiwa kimesukumwa pembeni, zilikosa oili. Zilizolika ukingo mmoja kwenye nusu ya juu na ukingo wa upande wa pili kwenye nusu ya chini zinakuonyesha konrodi iliyopinda. Fundi anayezitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu kabla ya kuzisoma ametupa maelezo ya bure.

Shingo za krankishafti hupimwa kwa maikromita katika sehemu mbili za urefu wake na pande mbili za mviringo wake. Zikiwa zimepoteza mviringo au zina mikwaruzo inayokamata ukucha, krankishafti inachongwa na kuwekewa beringi nene zaidi, za 0.25 au 0.50, na namba hiyo huwa imegongwa mgongoni mwa kila beringi. Mambo mawili hapa hayana mjadala. La kwanza ni kona ya mviringo pale shingo inapokutana na ukuta wake: mchongaji akiiacha kali badala ya kuirudisha na mviringo wake wa asili, ufa utaanzia hapo hapo na siku moja krankishafti itakatika. La pili ni ugumu wa ngozi ya juu. Krankishafti nyingi zimetiwa ugumu kwa joto au kwa gesi ili ngozi yake iwe ngumu, na ngozi hiyo ikiwa nyembamba, kuchonga kunaweza kuimaliza. Watengenezaji wengine hukataza kuchonga bila kuitia ugumu upya.

Nyufa hutafutwa kwa usumaku na unga wa chuma unaowaka chini ya taa ya zambarau. Hedi ya aluminiamu haishiki usumaku, kwa hiyo hupakwa rangi inayopenya ndani ya ufa, ikafutwa, kisha ikapakwa unga mweupe unaoivuta rangi hiyo nje.

Konrodi nazo zipimwe kama zimenyooka na kama tundu lake kubwa bado ni mviringo. Kofia ya konrodi moja haivai konrodi nyingine hata kama zinafanana kama mapacha, kwa sababu zilichongwa zikiwa zimefungwa pamoja. Zile za kisasa zilizotenganishwa kwa kuvunjwa ndizo zisizosamehe kabisa: uso wa mvunjiko wa kila moja unajua mwenzake tu.

Mchangiaji

Na hedi je? Yangu ilichemsha, ikachongwa mara mbili, sasa inakula kamshafti.

Mleta uzi

Pole sana. Umetaja tatizo ambalo uso wa chini wa hedi hauwezi kulionyesha. Hedi ya aluminiamu ikichemsha hupinda kama upinde, yote, juu na chini. Fundi akiichonga uso wa chini hadi rula inyooke, chini pamenyooka kweli, lakini njia ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iliyoko juu bado imepinda, nayo kamshafti iliyonyooka inalazimishwa kuzunguka ndani ya njia iliyopinda. Italika, au itakatika. Hedi iliyopinda sana hunyooshwa kwanza kwa kufungwa kwenye bamba nene na kupashwa moto taratibu, ndipo uso wake usawazishwe kwa kuchonga kidogo. Kabla ya yote hayo ipimwe presha ya maji au hewa, ili usilipe kazi ya kunyoosha hedi yenye ufa.

Watengenezaji wengi hawakubali mpindo unaozidi takriban milimita 0.05 hadi 0.10 kwa urefu wote wa hedi. Na kila unapoichonga unaongeza kompresheni, unasogeza valvu karibu na pistoni, na kwa injini za mkanda au cheni unabadilisha kidogo taiming. Injini za dizeli huwa na gasketi za unene tofauti zinazotambulika kwa matundu au mikato pembeni. Unene sahihi huchaguliwa kwa kupima ni kiasi gani pistoni inachomoza juu ya bloku. Kununua gasketi inayofanana na ya zamani wakati hedi na bloku vimechongwa si sahihi.

Valvu sitazirefushia maneno. Gaidi ikilegea, kiti kipya hakitadumu, kwa hiyo gaidi kwanza, kiti baadaye. Kiti hukatwa kwa pembe tatu, ile ya kati ya nyuzi 45 ndiyo inayokutana na valvu, na upana wake kwa magari madogo ni kama milimita 1 hadi 1.5 kwa valvu ya kuingizia na zaidi kidogo kwa ya kutolea, kwa sababu valvu ya kutolea moshi hupozwa kwa kugusana na kiti chake.

Mchangiaji

Injini ya jamaa yangu ilifufuliwa kila kitu, vipimo vikaandikwa, ikafa ndani ya mwezi. Hilo unalielezaje?

Mleta uzi

Swali langu la kwanza lingekuwa hili: iliuawa na nini mara ya kwanza? Kama ilichemsha na rejeta iliyoziba ikarudishwa, itachemsha tena. Kama silinda zililiwa na vumbi lililopita kwenye bomba la hewa lililopasuka baada ya chujio, bomba lile lile litaendelea kuingiza vumbi. Nozeli ya dizeli inayotiririsha badala ya kunyunyiza huosha oili ukutani na kutoboa pistoni, mpya au ya zamani.

Kuna kifaa kimoja ninachokishuku zaidi ya vyote injini iliyonoki inapokufa tena haraka, nacho ni kipoza oili. Ndani yake kuna njia nyembamba zilizojaa chembe za beringi ya kwanza, na kukiosha kwa petroli na hewa hakukisafishi kwa uhakika. Injini mpya inawashwa, oili inapata moto, chembe zinalegea na kuingia moja kwa moja kwenye beringi mpya. Kwa injini iliyonoki, kipoza oili kibadilishwe. Tabochaja ikaguliwe kwa uzito huo huo, kwa sababu ilikuwa inakunywa oili ile ile. Pampu ya oili ipimwe nafasi zake, na kama vyuma vilipita ndani yake, usiihurumie.

Mchangiaji

Nataka kununua injini ambayo muuzaji anasema imefufuliwa. Nitajuaje kama hakuipaka rangi tu?

Mleta uzi

Mwombe karatasi ya vipimo. Aliyefanya kazi kweli anayo, au anaweza kukutajia silinda zimepanuliwa kiasi gani na beringi ni za namba ngapi. Ingiza kamera ndogo kupitia tundu la plagi: pistoni za ovasaizi mara nyingi hugongwa namba juu ya kichwa chake, na mistari ya kuhoni inaonekana wazi ukutani. Kama kichwa cha pistoni ni cheusi kwa masizi ya zamani, nje kumepakwa rangi na ndani hakujaguswa. Silikoni nyingi inayofura kwenye viungio nayo si dalili nzuri. Ile iliyofura nje imefura na ndani pia, na ikikatika huenda kwenye chujio la pampu ya oili. Uliza pia pistoni za zamani ziko wapi.

Ufufuaji wa kiwandani ni jambo tofauti kidogo. Renault, kwa mfano, walianza kufufua injini katika kiwanda chao cha Choisy-le-Roi, karibu na Paris, mwaka 1949. Katika kazi ya namna hiyo injini hutawanywa kabisa, na kila kipande hurudishwa kwenye kipimo au kutupwa, kwa hiyo injini unayopewa inaweza kuwa na bloku ya gari moja na krankishafti ya jingine. Hakuna ubaya, kwa sababu namba ndizo zinazotawala.

Mchangiaji

Malizia na kufunga na kuwasha, mkuu. Wengine wanasema ipelekwe polepole, wengine wanasema ikanyagwe.

Mleta uzi

Kufunga ni usafi na uvumilivu. Nafasi ya beringi ithibitishwe kwa uzi wa plastiki wa kupimia: unaukata kipande, unaulaza juu ya shingo kavu, unafunga kofia kwa torki yake bila kuzungusha krankishafti, unafungua, kisha unalinganisha upana wa uzi uliopondeka na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi yake. Ringi zenye alama ziangalie juu, na midomo yake isipangwe kwenye mstari mmoja. Bolti za hedi na konrodi zinazokazwa kwa torki kisha kwa nyuzi huwa zimevutika, kwa hiyo nyingi hazirudiwi. Beringi zipakwe mafuta ya kufungia, na kabla ya kuwasha, pampu ya oili ijazwe na injini izungushwe bila kuwaka hadi presha ionekane.

Kuhusu kuwasha, injini za zamani ambazo kamshafti husugua tapeti bapa (vikombe vinavyosukuma valvu) huhitaji mizunguko ya karibu 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 hivi mara tu zinapowaka, kwa sababu kamshafti hizo hupata oili kwa kurushiwa na krankishafti. Injini zisizo na tapeti za namna hiyo hazihitaji jambo hilo. Ringi, kwa upande wake, hukaa kwa msukumo wa moto unaozibana ukutani, na msukumo huo haupatikani gari likiwa limesimama linanguruma. Kwa hiyo injini isiachwe inanguruma bila mzigo kwa saa nzima, na wala isipelekwe mwendo wa kudumu kwenye barabara kuu. Ipewe mzigo wa wastani, ikanyagwe kutoka mwendo mdogo hadi wa kati, kisha iachiwe ishuke yenyewe kwa gia, na hivyo mara kadhaa, huku jicho likiwa kwenye geji ya joto na ya presha ya oili. Kuendesha kwa upole uliopitiliza kunaweza kuifanya silinda ing'ae kabla ringi hazijakaa, na hapo tumerudi kwenye moshi.

Oili ya kwanza imwagwe mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000. Filta yake msiitupe. Ikateni, tandazeni karatasi yake juu ya gazeti, mpitishe sumaku. Unga mwembamba unaonata kwenye sumaku ni wa ringi na silinda zinazozoeana, nao ni wa kawaida kwa oili ya kwanza. Vipande vinavyometa visivyonata, vya rangi ya fedha au shaba, mara nyingi ni vya beringi, na vikiwa zaidi ya chembe chache, zima injini na ufungue sampu (bakuli la oili chini ya injini) siku hiyo hiyo, kabla krankishafti haijahitaji kuchongwa tena.